Msalaba Mbele ya Jina la Prothero

Malachy Tuohy alipiga kura katika mji wa Tarrance kwa miaka ishirini na miwili bila kujua kusoma hata herufi moja, na hakuna aliyemwona mjinga kwa hilo. Kura enzi hizo ilikuwa kazi ya miguu. Unatoka kiwandani, unapitia baa ya Con Hanratty pale darajani, Hanratty anakupa karatasi ya chama iliyokwisha pigwa chapa majina yote, ya kijani kilichokolea ili hata mwenye makengeza asiikose, nawe unaishika juu juu mpaka kwenye sanduku, unaitumbukiza mbele za watu, unarudi kwa Hanratty kunywa bia yako. Kama katika majina yale yumo mtu aliyekuudhi, unaazima penseli na kulikata jina lake. Aliyekatwa amekatwa, waliobaki wamebaki, na makarani wanahesabu hivyo hivyo.

Malachy mwenyewe alikuwa amekata jina mara moja tu maishani. Ilikuwa mwaka wa themanini na saba, na aliyekatwa ni sherifu aliyeleta watu wenye bunduki mlangoni mwa kiwanda wakati wa mgomo. Hanratty, ambaye naye alikuwa na kisa chake na sherifu yule, alimwekea kidole penye jina, na Malachy akalipiga mstari mzito hadi karatasi ikachanika. Wiki nzima baadaye alitembea kifua mbele kama jaji. Sherifu alishinda vilevile, lakini hilo halikumwondolea raha yake.

Alikuja Amerika kutoka Mayo akiwa na miaka ishirini, mfukoni hana kitu, kichwani ana Kiayalandi kitupu. Alichimba mfereji, akabeba chuma ghafi, akapondwa mguu wa kulia na toroli, na tangu hapo kiwanda kikampa kazi ya kuzoa majivu chini ya matanuri, saa kumi na mbili kwa zamu, wiki moja mchana na wiki moja usiku. Alimwoa Sabina, mwanamke wa kwao aliyefua nguo za matajiri wa mlimani na ambaye hakuacha kuvaa gagulo lake jekundu la sufu hata wasichana wa Tarrance walipomcheka. Walizaa watano wakabaki na mmoja, Winifred. Binti huyo alipelekwa shule, akajua kusoma, na jioni alimsomea baba yake gazeti. Baba alisema ni kwa sababu ya macho yake mabovu. Winifred alijua fika kwamba macho yale yaliweza kuona nzi ukutani upande wa pili wa barabara, lakini aliendelea kusoma.

Sabina aligongwa na mabehewa ya mizigo mwezi wa Novemba, mwaka wa tisini, pale kwenye kivuko cha reli cha Barabara ya Kivukoni. Alikuwa anapeleka kapu la nguo kwa daktari. Mabehewa yalisukumwa kinyumenyume kutoka kiwandani, injini iko nyuma kabisa, mbele hakuna mtu, hakuna kengele, hakuna geti. Katika uchunguzi wa kifo alisimama Ellis Prothero, mwenye duka la misumari na majembe, ambaye pia alikuwa wakala wa mizigo wa kampuni ya reli, akasema kwa sauti ya upole kwamba mama huyo marehemu hakuwa mwangalifu. Waliandika hivyo. Hakuwa mwangalifu. Winifred aliporudia maneno hayo nyumbani, Malachy alinyanyuka, akatoka nje, akasimama kwenye theluji bila kofia mpaka jirani alipomrudisha ndani.

Tangu siku ile hakukanyaga tena kivuko kile. Alizunguka kwa darajani kwenda kazini na kurudi, karibu nusu maili zaidi, na mguu wake mbovu. Lakini Winifred alirithi wateja wa mama yake, na kapu lile lile, na mara tatu kwa wiki saa kumi alasiri aliyavuka mataruma yale yale ya reli akipanda mlimani. Malachy alimsihi azunguke. Winifred alimjibu kwamba nguo zilizopigwa pasi zikizunguka nusu maili penye moshi wa kiwanda zitafika nyeusi, na watu wa mlimani hawalipi nguo nyeusi. Kila saa kumi alasiri ya siku hizo, kama hakuwa kazini, alikaa jikoni akisikiliza.

Basi Festus Garvey alipotangaza kugombea udiwani wa kata ya pili, Malachy alihisi kama dirisha limefunguliwa. Festus alikuwa mkorogaji wa chuma tanurini, kijana wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, asiyelewa. Alisema jambo moja tu kila alipopewa nafasi ya kusema: nikiingia barazani, kampuni ya reli itaweka geti na mlinzi kwenye kivuko kabla ya Pasaka, ipende isipende. Aliyempinga alikuwa Ellis Prothero, ambaye alisema mageti yatachelewesha mizigo na mizigo ikichelewa kiwanda kitapunguza watu. Kwa Malachy hapakuwa na cha kupima. Geti lilikuwa uhai wa binti yake, na kura yake angeitoa hata kwa kutambaa.

Ila kura yenyewe ilikuwa imegeuzwa. Mabwana wa mageuzi kutoka Pittsburgh walikuwa wamepigania sheria mpya huko makao makuu ya jimbo, na sheria ikapita. Hakuna tena karatasi za kijani. Serikali ndiyo itachapa karatasi moja yenye watu wote, wa vyama vyote, na kila mtu ataijaza peke yake, kwa siri. Bwana mmoja kijana mwenye glavu laini za ngozi aliletwa kuwafundisha watu wa kata ya pili katika ukumbi wa chini ya kanisa. Alikuwa na nia njema, hakuna ubishi, lakini wenye nia njema wana tabia ya kusema sana. Alianza na uhuru, akapitia wala rushwa wa miji mikubwa, akaeleza namna mfanyakazi atakavyokuwa huru na macho ya msimamizi wake na ya mwenye baa pia.

Malachy, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku bila kulala, aliketi karibu na jiko la makaa. Alijaribu kufuata. Alijiuliza, siri ya nini? Mtu anayepiga kura ya haki anamficha nani? Kujifungia ndani ya kibanda na pazia ni jambo la kuungama, na hata huko kuna padri upande wa pili anayekuelekeza. Wazo hilo lilimtatiza, na akiwa katikati ya kutatizika akashikwa na usingizi. Alipozinduka, yule bwana alikuwa amevua glavu moja na kuinua kidole.

"Ndani ya kisanduku, mabwana," alikuwa anasema. "Msalaba mmoja, ndani ya kisanduku kilicho mbele ya jina. Ukitoka nje ya mistari, kura imeharibika."

Watu wakapiga makofi. Malachy naye akapiga, tena kwa nguvu, ili asionekane alikuwa amelala. Njiani kurudi aliyapanga aliyoyasikia. Kumbe siku hizi jina halikatwi kwa mstari. Linakatwa kwa msalaba, na si juu ya jina lenyewe bali kando, kwenye kisanduku. Aliona ni usumbufu mtupu, lakini serikali ikishaamua kusumbua watu huwezi kuizuia. Angalau kazi ilikuwa ile ile aliyoijua. Kumuuliza mtu hakukumjia akilini, kwa sababu ukiuliza unajulikana ulikuwa umelala, na ukishajulikana ulikuwa umelala utaulizwa na mengine.

Jumanne ya uchaguzi, katikati ya Februari, Winifred alimwekea chai na mkate na viazi vilivyobaki, akamtazama akivaa koti lake la kanisani.

"Baba, unajua penseli inakwenda wapi?"

"Nilianza kupiga kura kabla wewe hujaota meno."

"Sijauliza ulianza lini."

"Macho yangu ndiyo mabovu, mwanangu. Kichwa bado kizima."

Winifred akamwambia kwamba sheria inamruhusu mwenye macho mabovu kusaidiwa na karani, asomewe majina, aoneshwe pa kutia alama. Malachy alikwisha kulisikia hilo. Alisikia pia kwamba karani wa kusaidia watu ni kijana anayeuza misumari dukani kwa Prothero. Afadhali angemwomba Prothero mwenyewe. Alikunywa chai yake akatoka, akizunguka kwa darajani kama kawaida.

Kura zilipigwa kwenye nyumba ya zimamoto. Farasi walikuwa wamesogezwa nyuma na walikuwa wanapiga kwato kwa hasira ya kunyang'anywa nafasi. Nje, mbali kidogo, kamba ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kamba hiyo alisimama Con Hanratty mikono mitupu. Sheria mpya ilimkataza kusogea. Malachy alimwonea huruma, maana hakuwahi kumwona Hanratty siku ya kura bila karatasi mkononi.

"Malachy, ndugu yangu," Hanratty aliita. "Karatasi unayo?"

"Watanipa ndani."

"Watakupa ndani! Miaka yote nimekupa mimi, na bia juu. Haya, nenda ukapewe na serikali, halafu uiombe na bia."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Malachy alicheka nao. Alipoingia, aliitwa jina, akapewa karatasi kubwa kama foronya, akaelekezwa kwenye moja ya vibanda vitatu vya mbao mbichi za msonobari. Alivuta pazia. Kulikuwa na kirafu cha kuandikia, na penseli iliyofungwa kwa uzi kama mbwa wa mtu asiyeamini majirani zake.

Alifunua karatasi na kichwa kikamzunguka. Hakuwa ametarajia majina mengi kiasi kile. Yalishuka kama vyungu rafuni, mafungu kwa mafungu, wakusanya kodi na wakuu wa shule na nani sijui, na mbele ya kila jina kisanduku kidogo. Hakuna kijani, hakuna kidole cha Hanratty. Nyuma ya ukuta farasi alikuwa anakojoa kwa kishindo. Malachy alimfikiria Festus. Alimjua kwa sura, kwa sauti, kwa kikohozi chake, alimjua baba yake tangu Mayo. Lakini jina la Festus likiandikwa linakuwaje? Hakuwahi kuliona. Aliyapitia yale mafungu ya herufi kwa kidole na hakuna lililomwita.

Jina la Prothero, hilo alilijua. Kwa miaka mingi alipita chini yake kila siku, herufi za dhahabu zenye urefu wa mkono, juu ya duka: linaanza na kijiti chenye kitumbo, linaishia na mduara kama pete ya pipa, na pete nyingine ipo karibu na mwanzo. Alilitafuta taratibu, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akalipata chini, karibu na mwisho. Moyo ukampiga kama aliyekutana na adui uchochoroni.

Hapo utata wote ukamwishia, na ndiyo ilikuwa mara ya pekee siku hiyo. Hakuhitaji kumtafuta Festus. Mbaya akikatwa, mwema anabaki. Kirafu kilikuwa kimeinama na karatasi iliteleza, kwa hiyo aliikandamiza kwa kidole gumba cha kushoto, chini kidogo ya jina lile, na herufi moja tu ya jina lililofuata ikachungulia pembeni ya ukucha, yenye panda kama tawi. Akapiga msalaba. Aliuchora polepole, ndani ya kisanduku, hakugusa mistari. Akaurudia juu ya ule wa kwanza ili uwe mzito. Akalitamka jina la Sabina kwa Kiayalandi, kimya kimya, akakunja karatasi.

Alitoka akiwa mwepesi. Alimwinulia Hanratty kofia. Nyumbani alimwambia Winifred kwamba kazi imeisha, akalala mpaka zamu ya usiku bila kugeuka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Novemba ile.

Asubuhi ya Jumatano, akitoka kazini, alikuta watu wamejazana kwenye lango la kiwanda. Prothero alikuwa ameshinda. Kwa kura tatu. Malachy aliuliza mara mbili, kisha akamuuliza mtu mwingine mara ya tatu. Hakuelewa. Alikuwa amemkata mtu huyu kwa mkono wake mwenyewe, na wengine bila shaka wamemkata, na bado mtu amesimama. Njia nzima alikuwa anasema peke yake. Alifika nyumbani ameshafikia uamuzi kwamba kura zimeibwa, akamweleza hivyo Winifred, ambaye alikuwa anapiga pasi mashati ya daktari.

"Wezi," alisema. "Wana glavu, lakini wezi. Mimi nilimkata vizuri. Msalaba mkubwa, ndani ya kisanduku, kama walivyosema."

Winifred alinyanyua pasi kutoka kwenye shati, akaiweka juu ya jiko.

"Ulimkata nani, baba?"

"Prothero. Nani mwingine?"

"Ulitia msalaba kwenye kisanduku cha Prothero?"

"Ndiyo. Mzito."

Winifred alikaa. Alimweleza taratibu, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa kibanzi kidoleni mwa mtoto. Karatasi mpya haikati watu. Msalaba ni kumchagua. Unayemtaka ndiye unayemtia msalaba, usiyemtaka unamwacha bila kitu. Malachy alisikiliza, akaomba aelezwe tena. Akaelezwa. Akasema haiwezekani, mtu gani anaweka msalaba kwa anayempenda, msalaba unawekwa juu ya mtu aliyekufa. Kisha Winifred aliona uso wake unavyobadilika, na akatamani asingekuwa amesoma shule yoyote.

Hakwenda kulala. Aliketi kwenye kiti chake hadi mchana, koti mwilini. Alijaribu kulifikiria jambo lile kutoka upande huu na upande ule. Alikuwa amekwenda kulipa kisasi na kutafuta geti, akatoka amemsaidia yule aliyesema Sabina hakuwa mwangalifu. Na alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alitoka mle ndani akiwa na furaha, akamwinulia Hanratty kofia.

Saa tisa na kitu hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Festus Garvey, amenyoa, kola safi, macho mekundu ya mtu aliyekesha. Winifred alimpa kiti na kikombe cha chai, akarudi kupanga mashati kapuni. Festus alizungusha kofia mkononi.

"Mzee Malachy, nimekuja kukushukuru. Najua ulisimama na mimi. Nilimwambia mke wangu, hata wote wakinigeuka, mzee Tuohy hawezi."

Malachy alimtazama binti yake. Winifred alikuwa amegeuka ukutani, anakunja shati lililokwisha kunjwa. Angeweza kusema ahsante na mambo yangeishia hapo, maana kura ilikuwa ya siri, na kwa mara ya kwanza Malachy alielewa ni kwa nini siri ile inaweza kumfaa mtu. Alifikiri Sabina angesema nini, akakumbuka kwamba Sabina hakuweza kudanganya hata kuhusu umri wa kuku.

"Nilitia msalaba kwa Prothero," alisema. "Nilidhani namkata."

Alingoja. Festus aliweka kikombe mezani. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu.

"Wewe ni wa nne," alisema.

"Wa nne wa nini?"

"Tangu asubuhi napita nyumba kwa nyumba kushukuru watu. Mzee Lavelle kanionesha mezani alivyomkata Prothero. Mzee Coyne kasema alipiga msalaba mzito mpaka risasi ya penseli ikavunjika. Mjomba wangu mwenyewe, ndugu wa mama, kamkata. Sasa na wewe."

"Na zilikuwa kura tatu."

"Tatu."

"Sisi wanne."

"Ninyi wanne niliowafikia, mzee. Mtaa wa mtoni bado sijapita."

Festus akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akakizuia kwa mkono. Malachy alitaka kuomba msamaha lakini maneno hayakujipanga. Badala yake alijikuta analaumu. Akasema kama angelijua jina la Festus lilivyo angelipigia msalaba hilo, au angeliacha, au sijui angefanya nini, lakini jina lenyewe hakuwahi kuliona popote.

"Hujawahi kuliona?" Festus aliuliza.

"Limeandikwa wapi?"

Festus alitaka kujibu. Alifikiri. Hakuwa na duka. Nyumba ilikuwa ya kiwanda. Hata baba yake alizikwa chini ya ubao mtupu. Hakukuwa na mahali katika Tarrance nzima ambapo jina la Garvey liliandikwa mtu akaweza kulitazama. Alisogeza karatasi ya kufungia mashati, akachukua kipande cha mkaa kutoka kwenye ndoo, akaliandika kwa herufi kubwa, akaigeuza karatasi upande wa Malachy.

Winifred alikuwa amenyanyua kapu lake. Alisema anakwenda kwa daktari, saa zimefika. Akatoka, na mlango ukafungwa.

Malachy aliinama juu ya karatasi. Alizifuata herufi kwa kidole moja baada ya nyingine, hazikumwambia kitu, mpaka akafika ya mwisho. Ilikuwa na panda kama tawi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya jina lile, pole pole, ikabaki herufi ile tu ikichungulia pembeni ya ukucha.

"Nililiona," alisema. "Lilikuwa chini yake palepale. Nililikandamiza na kidole hiki, karatasi isiteleze."

Festus alinyoosha mkono, akakiondoa kidole cha mzee juu ya jina lake, kwa upole tu, kama unavyoondoa kijiko kwenye njia ya mtu.

Ndipo Malachy akasikia, mbali, upande wa kiwanda, vyuma vya mabehewa vikigongana, vile vinavyogongana injini inapoanza kusukuma kutoka nyuma. Alinyanyuka kwa haraka iliyomshtua Festus. Hakuchukua kofia. Alifungua kasha lililokuwa chini ya dirisha, ambalo lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka miwili, akavuta lile gagulo jekundu la sufu, akatoka nalo mlangoni.

Hakuzunguka kwa darajani. Aliteremka moja kwa moja Barabara ya Kivukoni, mguu mbovu unaburuta kwenye theluji iliyogeuka tope, Festus nyuma yake akiita mzee, mzee, utaanguka. Hakujua anachokwenda kufanya ni kazi, au toba, au ni wazimu tu. Watu walichungulia madirishani. Mbele ya duka lenye herufi za dhahabu alipita bila kuinua macho. Alimwona Winifred akifika kivukoni na kapu lake kiunoni, kichwa kimeinama, akifikiria mambo ya nyumbani badala ya reli, na aliyaona mabehewa yakija kinyumenyume, polepole, mbele hakuna mtu.

Malachy alilikanyaga taruma la kwanza. Alisimama kando ya reli mahali ambapo geti lingekuwepo, akamwita mfunga breki aliyekaa juu ya behewa la tatu, akaita kwa Kiayalandi maana ndicho kilichomjia, na akalipunga gagulo la Sabina mpaka mtu yule aliposimama na kuanza kuzungusha gurudumu la breki. Vyuma vililia. Behewa la kwanza lilisimama hatua kumi hivi kutoka kwake.

Winifred alikuwa amesimama ukingoni mwa reli, hajavuka bado, ametoa macho kama asiyemjua baba yake. Mfunga breki alikuwa anatukana. Malachy hakumgeukia. Aliliinua gagulo juu kabisa kwa mikono miwili, akamwambia binti yake apite.